Bustani Kwanza

Kuna swali ambalo nimeishi nalo muda mrefu kuliko nilivyoishi na mtu yeyote isipokuwa wazazi wangu: anayepeleka umeme mahali ambapo haukuwapo ana haki gani ya kuamua, kabla ya shida kutokea, nani aupate kwanza siku utakapopungua? Niliulizwa kwanza nikiwa mwanafunzi, nikajibu kwa kurasa mia mbili na kumi, nikatunukiwa shahada. Niliulizwa mara ya pili nikiwa binti wa mtu, na jibu nililolitoa halikuandikwa kwenye ukurasa wowote ambao ningependa kusomewa hadharani. Ndiyo sababu nimezitoa barua hizi sandukuni.

Mwandishi mwenzangu ni kaka yangu, fundi seremala, ambaye kijiji kilimkabidhi mtambo wa umeme wa maji niliousanifu. Simu kwetu hushika kilimani tu, na kaka ana msimamo wake kwamba simu ni ya habari za msiba; mengine yote huandikwa na kupewa dereva wa gari la chanjo. Nimepunguza salamu pale zilipojirudia. Sikugusa kingine.

*

11 Juni

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na watoto mko wazima, na kwamba goti lako limekubali kupanda ngazi tena. Mimi sijambo. Chumba changu kiko ghorofa ya nne, dirisha linatazama ukuta wa jengo la pili kwa karibu kiasi kwamba nawajua majirani kwa nguo wanazoanika. Nafundisha asubuhi, jioni naandika. Nimenenepa kidogo, usimwambie Mama, atafurahi kupita kiasi.

Kilichonifanya nikae mezani leo ni mambo mawili. La kwanza, nimealikwa kuuwasilisha mradi wetu tarehe kumi na nane Septemba, mbele ya wataalamu wa nishati jadidifu kutoka nchi nyingi. Wanachokitaka hasa ni ile kanuni yetu, kwa hiyo naiandika upya hapa unisahihishe: maji ya mfereji yakifika langoni hugawanyika, upande huu bustani kumi na nane za akina mama, upande ule mtambo. Maji yakiwa mengi, kila upande hupata wake. Kijiti cha kipimo kikisoma chini ya sentimita arobaini, maji yote huenda bustanini tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa sita mchana, bustani mbili kila siku, saa tatu kila moja. Kisha yote hurudi mtamboni hadi alfajiri inayofuata. Bustani kwanza, umeme baadaye. Nimeandika kwamba kanuni hii haikutoka kwangu, ilitoka kwenye mkutano wa akina mama wenyewe. Sikuandika kwamba aliyesimama kuitetea ni mama yangu mzazi. Sijui kama kuficha hilo ni unyenyekevu au ni uongo mdogo.

La pili ni huyo huyo Mama. Wifi aliniambia kwenye simu kwamba kifua kimembana tena. Je, anaitumia mashine ya oksijeni tuliyoipeleka zahanati? Daktari wa hospitali kubwa alikwisha kusema kwamba mapafu yaliyovuta moshi wa kuni kwa miaka arobaini hayarudi yalivyokuwa, na kwamba safari ya barabara ile inaweza kummaliza kabla ya ugonjwa. Basi mashine ile ndiyo hospitali yake. Niandikie ukweli, na kila mwezi uniletee vipimo vya maji na saa za kazi za mtambo.

Mdogo wako

*

2 Julai

Kwa Bi Mhandisi, mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Goti limepona, sasa ni bega. Mwili huu ni kama baiskeli ya kuazima, ukitengeneza mnyororo gurudumu linapasuka. Wifi yako anakusalimu, anasema kama umenenepa tuma picha tuone, maneno matupu hatuli.

Kanuni umeiandika sawa. Umesahau vibao tu. Kila bustani ina kibao chake nilichokichonga na kukichoma alama: Mama Mapacha ana vidole viwili, Mama ana sindano kwa sababu ya ushonaji wake. Jioni napachika kwenye misumari ya lango vibao viwili vya kesho, kila apitaye anajua zamu ni ya nani, hakuna kupiga kelele. Waambie wataalamu wako hiyo ndiyo kompyuta yetu.

Vipimo: mwanzo wa Juni hamsini na mbili, katikati arobaini na saba, jana thelathini na tisa. Mimi sijawahi kuona mto ukishuka mapema hivi. Wewe ulipopima ile miaka miwili ulisema haushuki chini ya arobaini na tano. Sikulaumu, nasema tu.

Kwa hiyo kuanzia jana tumeingia kwenye zamu. Na hapo ndipo penye neno. Mama tumemhamishia zahanati tangu tarehe ishirini. Akiwa na mashine anaongea, anatania, amemwambia muuguzi sare yake imekatwa vibaya mabega na ataishona upya akitoka. Mtambo ukisimama alfajiri, betri zinamshikilia mpaka saa tatu asubuhi. Mashine hiyo inakula umeme kuliko friji ya chanjo na taa zote pamoja. Saa tatu inazima. Kutoka hapo mpaka saa sita anakaa ukingoni mwa kitanda, mikono kwenye magoti, hasemi na mtu. Saa tatu hizo, mdogo wangu, ni ndefu. Jenereta la zahanati lilikufa mwaka juzi, kuku wanatagia humo.

Mwenyewe anasema nisikuandikie hayo. Anasema ule.

Kaka yako

*

24 Julai

Kaka yangu,

Shikamoo. Barua yako ilichukua siku kumi na saba, nami nimeibeba mkobani siku tano kabla ya kujibu. Hapa hakuna jipya. Jirani mmoja amehama na nguo zake zote za kijani.

Nimehesabu kila njia. Betri zaidi zingechukua miezi kufika. Kupunguza taa za shule na nyumba kungeongeza dakika arobaini, labda hamsini. Fanyeni hivyo mara moja. Kusaga nafaka mchana kuhamishiwe jioni. Nimejiuliza pia kama nilikosea kupima kwa miaka miwili tu, tena miaka ya mvua. Nadhani nilikosea. Nilikuwa na muda wa miaka miwili na fedha za miaka miwili, nikaamini kwamba mto ungenifanyia hisani ya kujieleza wote katika muda huo.

Kuhusu saa tatu zile, sina la kukuagiza. Mimi niko mbali, na kanuni si yangu peke yangu. Ila najua kwamba kila kanuni huandikwa na watu wazima wakiwa wamekaa, na kwamba bustani ya Mama hailimwi tangu augue lakini zamu yake ipo. Na najua wewe ni mtu wa busara, na lango liko mikononi mwako.

Mpe Mama salamu zangu. Mwambie nakula.

Mdogo wako

*

19 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Wote wazima. Mjomba alikuja kumtazama Mama, akakaa saa nzima akilalamika mgongo wake, Mama akamwambia, “Kaka, hamia kitanda hiki mimi niende nyumbani.”

Mama ni afadhali. Kuna asubuhi anazopata nafuu. Anakula nusu sahani.

Vipimo: maji thelathini na mbili, yakashuka thelathini, juzi ishirini na tisa. Mtambo toka tarehe 19 Julai hadi leo umefanya kazi saa mia tano themanini na mbili. Taa za shule tumezima kama ulivyosema.

Nina kazi ya milango, nitaandika zaidi siku nyingine.

Kaka yako

*

6 Septemba

Kaka yangu,

Shikamoo. Nimesoma mara mbili yale maneno, “kuna asubuhi anazopata nafuu,” na siku hiyo nilifundisha vizuri kuliko siku zote za mwaka huu.

Nimepokea vipimo. Nashukuru kwa uangalifu wako. Nimeviingiza kwenye jedwali.

Siku kumi na mbili zimebaki kabla ya mkutano. Nilitaka kuja nyumbani mwezi huu, lakini nikija sitawahi kurudi kabla ya mkutano, na nimeona ni heri nije Desemba kwa utulivu. Mwambie Mama Desemba si mbali.

Mdogo wako

*

5 Oktoba

Kaka,

Shikamoo, na pole tena, kwako na kwa wifi. Ninakupa pole kama mpita njia, mimi niliyezaliwa na mama huyo huyo. Mjomba aliponipigia tarehe ishirini na moja nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya kurudisha vitabu. Alisema, “Mama yako amepumzika, ni kifua, tunazika kesho.” Hakuna njia ambayo ingenifikisha kwetu kwa siku moja. Nilirudisha vitabu. Sijui kwa nini nakueleza hilo.

Naomba uniambie jambo moja. Muuguzi ameniandikia rambirambi nzuri, na ndani yake kuna sentensi hii: “Tulihuzunika zaidi kwa kuwa alikuwa amekwisha kurudi nyumbani siku tisa kabla.” Kurudi nyumbani kwa nini? Nani alimruhusu? Mashine ilikuwa zahanati, na mchana wote mtambo ulikuwa unafanya kazi. Wewe ulikuwapo. Hukuniandikia, wala hukupanda kilima.

Nisamehe kama nauliza kama hakimu. Sina nguvu ya kuuliza vingine.

Mdogo wako

*

23 Novemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeijibu mara nne na kuzichana zote nne. Wifi yako ameficha karatasi zilizobaki, hii nimeomba kwa mwalimu. Mvua zimeanza, mto umepanda, mtambo unaunguruma mpaka vyombo vinatetemeka kabatini. Umeme umekuja wakati hauna wa kumsaidia.

Sasa nakueleza, na ukinikatiza nitashindwa, kwa bahati nzuri barua haikatizwi.

Zamu ya Mama ilikuwa mara moja kwa siku tisa. Siku hiyo nilifungua maji kwa mtambo badala ya bustani yake, kuanzia saa tatu, mashine haikuzima, akapumua asubuhi nzima. Hilo lilikuwa haki yake. Kisha ikaja barua yako. Nikaisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Jioni ile nikapachika kibao chenye sindano kwenye msumari wa pili tena, wakati zamu haikuwa yake. Kesho yake ikafuata zamu ya mwingine, keshokutwa nikapachika tena sindano. Nikaendelea hivyo, kama siku moja kwa mbili. Bustani zile kumi na nane zilikuwa zinazungukwa kwa siku tisa, nikazifanya zizungukwe kwa siku kumi na mbili. Niliona ni kidogo. Nilijiambia siku tatu si kitu. Lakini mche wa nyanya hauelewi maneno ya namna hiyo.

Tarehe kumi na mbili Septemba, saa nne asubuhi, nilikuwa zahanati juu ya ngazi nakaza waya wa taa. Mashine inafanya kazi. Mama amekaa kitandani na mpira wake puani, anamwonyesha muuguzi jinsi ya kupindua pindo. Mara Mama Mapacha akaingia na wenzake wawili, mikono ina udongo.

“Hodi! Yuko wapi huyo mgonjwa? Tumekuja kumwona mgonjwa anayelima!”

Mama akacheka. “Karibuni. Anayelima ni nani?”

“Usijifanye mtakatifu! Kibao chako kila kukicha kiko msumarini. Wiki hii mara tatu! Sisi wazima tunangoja zamu mpaka miche inatuaga, wewe wa kitandani unamwagilia kama una ziwa lako. Tugawie na sisi hiyo dawa unayovuta puani.”

Wakaangua kicheko. Mama naye akacheka mpaka akakohoa, muuguzi akamshika mgongo. Alipotulia akauliza, taratibu tu, “Mara tatu?”

“Mara tatu. Hata sasa hivi kipo. Leo ilikuwa iwe yangu.”

Mama hakuwatazama tena. Alitazama mashine. Akatazama waya unaotoka kwenye mashine, akaufuata ukutani, ukapanda juu mpaka nilipokuwa mimi.

“Mwanangu,” akasema, “shuka.”

Nikashuka.

“Haya maji ninayovuta ni ya nani?”

Nilisema Mama, lala kwanza. Akauliza tena. Mama Mapacha aliacha kucheka, nikaona jambo linamwingia kichwani, akashika mdomo. Akasema, “Jamani. Jamani, sisi tulikuwa tunatania. Mama, usitoe huo mpira. Miche tutapanda mingine. Mngetuambia tungetoa, nani angekataa?”

“Hamkuombwa,” Mama akasema. “Hapo ndipo penye kosa. Mkutanoni nilisimama mimi. Nilisema bustani kwanza, mkapiga makofi, binti yangu akaandika. Leo nivute pumzi iliyotoka kwenye nyanya zenu, tena bila ninyi kujua?”

Akautoa mpira mwenyewe. Akaukunja vizuri, unamjua, akauweka juu ya mto. Akamwambia Mama Mapacha, “Nenda kageuze maji, zamu yako inaisha saa sita.” Akamshika mkono muuguzi, akatafuta viatu vyake kwa mguu.

Nyumbani ni hatua mia tatu kutoka pale. Tulipumzika mara tano. Njiani aliniuliza jambo moja tu: “Mdogo wako anajua?” Nikamwambia hujui. Alinitazama kama alivyokuwa anamtazama muuza vitambaa anayeapa kwamba rangi haichuji.

Sasa hapa ndipo usingizi wangu ulipopotelea. Saa sita ile ile nilikwenda kumwambia, “Mama, mchana huu umeme ni halali, ni wa mtambo kwa kanuni yako mwenyewe, twende.” Akasema hapana. Kesho yake saa sita nikaenda, hapana. Muuguzi akaja, mjomba akaja, Mama Mapacha akapiga magoti mlangoni. Anatuitikia vizuri, anatuambia tukae, hapana. Siku tisa, kila siku saa sita. Ya kumi sikuuliza, maana nilikuta amekwisha.

Sikupanda kilima kukuambia kwa sababu alinikataza kabla ya tarehe kumi na nane. Alisema, “Mwache aseme maneno yake mbele ya watu.” Baada ya tarehe kumi na nane niliogopa tu. Hiyo si yake, ni yangu.

Sikuandikii hivi ili nikutwike mzigo. Lango nililifungua mimi, mkono huu. Lakini nawe nikuulize mara moja tu halafu sitauliza tena: ulipoandika “lango liko mikononi mwako,” ulikuwa unaniambia nini? Maana mimi nilielewa.

Na kuna la mwisho. Akina mama wamekaa kikao. Mama Mapacha, ambaye siku hizi hata ukimtania anakuitikia tu, ametoa hoja kanuni igeuzwe: zahanati kwanza, bustani baadaye. Wengine wanasema mwaka huu watoto wao wamekula kwa sababu ya bustani zile, na mgonjwa wa mwakani ataleta hoja gani tena. Wamegawanyika katikati. Wameamua wakungoje wewe, saini yako na sababu. Wanasema wewe ni mhandisi na ndiwe mwana wa marehemu, ukisema wote watakubali.

Kaka yako

*

14 Desemba

Kaka yangu,

Shikamoo. Naandika haraka kwa sababu gari la chanjo linaondoka kesho kutwa kutoka mji ulio karibu nanyi, na mwenzangu anayesafiri amekubali kuibeba bahasha hii mpaka kwa dereva. Mimi mwenyewe nitafika mwisho wa mwezi. Nataka barua initangulie, kwa sababu nikikuona uso kwa uso nitaanza kupanga maneno.

Swali lako nalijibu. Nilikuwa nakuambia uibe. Nilitafuta sentensi ambayo ingekufikisha pale bila mimi kuonekana njiani, na nilipoipata niliisoma kwa sauti ili nihakikishe haina neno hata moja ninaloweza kushikwa nalo. Nina ujuzi huo. Nimeandika ripoti nyingi. Kisha barua yako ya Agosti ikaniletea saa mia tano themanini na mbili. Kwa kanuni, siku thelathini na moja haziwezi kuzidi mia tano hamsini na nane. Ukiongeza zamu halali za Mama, labda kumi juu yake. Nilitoa moja kwa nyingine nikiwa bado nimesimama na koti langu. Saa kumi na nne zilikuwa za watu. Nilijua siku hiyo hiyo, na nilichokiandika kilikuwa “nashukuru kwa uangalifu wako.” Tarehe kumi na nane nilisimama mbele ya ukumbi nikaieleza kanuni ya bustani kwanza, nikaulizwa kama jamii inaiheshimu wakati wa shida, nikajibu kwamba takwimu zinaonyesha hivyo. Walipiga makofi. Mama alikuwa na siku tatu.

Hoja ya kanuni sasa. Kuna jambo la kiufundi ambalo ni lazima nilikiri, nalo ni dogo kiasi cha kuaibisha. Mto hupungua miezi ile ile ambayo jua halina wingu. Saa tatu asubuhi hadi saa sita, paa la zahanati linaungua. Paneli kumi juu ya paa lile zingeiendesha mashine ile asubuhi zote bila kugusa tone la mfereji. Sikuzifikiria, kwa kuwa tasnifu yangu ilikuwa ya maji, na nilijivunia kwamba kijiji kizima kinaishi kwa chanzo kimoja. Nimekwisha kuandika ombi na nitakuja na mbili za kuanzia. Kwa hiyo mwakani swali lenu huenda lisiulizwe. Lakini sitajificha nyuma ya paneli, maana mwaka wa tatu au wa kumi kitapungua kingine.

Nimejaribu kuandika sababu za kugeuza kanuni, nikaziona ni nzuri. Nikaandika sababu za kuiacha, nazo ni nzuri. Nikigeuza, nitakuwa nimesema kule kukataa kwa Mama kulikuwa kosa. Nikiiacha, nitakuwa nimeifanya maiti yake kuwa hoja. Basi sitatia saini upande wowote. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kupiga kura uwasomee akina mama barua yangu ya tarehe 24 Julai, yote, pamoja na hii. Wajue nani aliyeomba, na kwamba aliomba kwa mtu asiye na haki ya kutoa. Wakishajua hilo, waamue bila mimi. Najua utataka kunificha, kama ulivyojaribu kunificha njiani. Tafadhali usinifiche.

Kinachobaki ni mchana wa siku zile tisa. Asubuhi za Mama nazielewa. Alikataa kilichokuwa cha wengine. Lakini mchana ulikuwa wake kwa kanuni aliyoitetea mwenyewe, na bado alisema hapana. Nimewaza kwamba alikuwa amechoka na ugonjwa na akapata mlango wa kutokea. Nimewaza kwamba aliona aibu mbele ya wenzake. Nimewaza kwamba alikuwa anatuadhibu, wewe kwa mkono na mimi kwa kalamu, halafu nikakumbuka kwamba hakuwahi kutuadhibu hata tulipostahili. Siku nyingine naona alitaka tu kukaa kwake. Kila jibu linasimama mpaka jioni, kisha linaanguka.

Na sidhani kama nitalipata, kwa sababu nimezipitia barua zetu zote na nimeona tulichokifanya. Alijua kusoma, alisoma polepole kwa kidole, lakini alisoma. Mwezi Julai nilikuwa na swali moja tu lenye uzito duniani, Mama, unataka tufanye nini na asubuhi zako, nami nikalizungusha kwa hesabu, kwa betri, kwa lango, kwa busara yako. Nilikuandikia wewe juu yake. Wewe ukaniandikia mimi juu yake. Yeye alikuwa umbali wa hatua mia tatu kutoka kwako na siku kumi na saba kutoka kwangu, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza.

Mdogo wako